Mechi 41 za Gift Ngoepe

Hotuba kwa walimu wa michezo, wazazi na wachezaji vijana wa besiboli

Waheshimiwa walimu wakuu, walimu wenzangu wa michezo, wazazi wetu, na ninyi vijana mliokaa hapa mbele na glavu mapajani, habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya mchezaji mmoja wa besiboli, nami nimemchagua Mpho Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Najua baadhi yenu mlitegemea nimtaje nyota mwenye makombe na mamilioni. Ngoepe hana makombe hayo. Katika Ligi Kuu ya Marekani alicheza mechi 41 tu, kwa misimu miwili, 2017 na 2018. Zamu zake za kupiga zinazohesabiwa ni 72, na kati ya hizo ni 13 tu ambazo pigo lake lilimfikisha salama kwenye beisi, yaani kimojawapo cha vituo ambavyo mpigaji hukimbia kuvizunguka ili apate alama. Hakupiga homurani, lile pigo la kuuvusha mpira nje ya uwanja, hata moja. Katika vitabu vya takwimu za mchezo huo anachukua mistari miwili, kisha linafuata jina la mwingine.

Lakini huyo ndiye mtu wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza katika ligi hiyo, ligi iliyoanza kuchezwa karne ya 19. Na mimi nimemsoma kwa miaka kwa sababu moja. Maisha yake ya mchezo yanaonyesha waziwazi ni kipi kinachomjenga mchezaji wa Kiafrika, na ni kipi kinachomkatia safari. Ni vitu viwili tofauti, na vyote viwili vinatuhusu sisi tuliomo ukumbini humu kuliko vinavyowahusu Wamarekani.

Alizaliwa tarehe 18 Januari 1990 huko Polokwane, kaskazini mwa Afrika Kusini. Mama yake, Maureen, alikwenda upande wa Johannesburg kutafuta riziki, akapata kazi katika klabu ya besiboli ya Randburg Mets. Alikuwa akifanya usafi na kuliangalia jengo la klabu, naye akapewa chumba humohumo ndani ya jengo akae na wanawe. Chumba kimoja, kidogo. Mtoto akifungua mlango anakutana na uwanja. Udongo wa beisi, nyasi, wavu, mipira iliyosahaulika pembeni, watu wazima wakifanya mazoezi jioni.

Tulitazame vizuri jambo hili. Mchezo huu ulifika Afrika Kusini pamoja na wachimbaji wa Kimarekani waliofuata dhahabu ya Witwatersrand mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miongo mingi viwanja vizuri vya nchi ile vilikuwa vya Wazungu kwa mujibu wa sheria. Ngoepe alizaliwa wakati sheria hizo zinaelekea ukingoni. Mandela alitoka gerezani wiki chache tu baada ya mtoto huyu kuzaliwa. Hata hivyo, mtoto wa mfanya usafi asingekuwa na njia rahisi ya kukanyaga uwanja kama ule. Hakupelekwa pale na mpango wa serikali wala mradi wa wafadhili. Alipelekwa na ajira ya mama yake. Alikuwepo pale asubuhi, mchana na jioni, na waliokuwa wakicheza pale wakamwachia acheze. Hapo ndipo ulipoanzia mkono wake.

Sasa vijana, nawaomba nisemee kidogo huo mkono, maana ndio uliomlisha.

Ngoepe alikuwa mlinzi wa ndani. Alicheza shotistopu, pale kati ya beisi ya pili na ya tatu, na alicheza beisi ya pili yenyewe. Kutoka anaposimama mpigaji hadi beisi ya kwanza ni mita 27.43. Mpigaji wa ligi kuu huukata umbali huo kwa sekunde nne na ushee. Ndani ya sekunde hizo mlinzi anatakiwa ausome mpira unavyotoka kwenye rungu, auwahi, audake, autoe kwenye glavu na autupe ufike kabla ya mguu wa mwenzake. Hakuna muda wa kushangaa.

Tazameni anavyofanya mlinzi anayejua kazi. Mpira wa chini hausubiri umfikie. Anausogelea, ili audake kwenye mdundo anaoutaka yeye badala ya kuuachia mpira umchagulie. Magoti yamekunjwa, nyonga ziko chini, glavu imefunguka na inagusa udongo mapema, kwa sababu kuupandisha mkono ni rahisi kuliko kuushusha kwa ghafla. Mkono mtupu uko juu yake, tayari. Mpira ukiingia, mkono huo unaufunika na kuutoa papo hapo, vidole vinatafuta mshono bila macho kutazama, na miguu imeshageukia upande anakotupa. Watazamaji huona mtupo tu. Ninyi mnaojifunza, angalieni miguu.

Gumu zaidi ni lile la kutoa wawili kwa mpigo, yaani kuwawahi wapinzani wawili kwa mpira mmoja kabla hawajafika beisi. Mkimbiaji yuko beisi ya kwanza, mpira umepigwa chini kwa shotistopu, shotistopu anautupa beisi ya pili. Mlinzi wa beisi ya pili anaupokea akiwa mwendoni, anakanyaga beisi, anazungusha kiwiliwili na kuurusha beisi ya kwanza, wakati wote huo mkimbiaji anateleza kwa kasi kuelekea kwenye miguu yake. Kazi hiyo Ngoepe aliifanya kwa wepesi ambao makocha wa Kimarekani waliusifu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyewahi kuuliza kama mikono yake inatosha ligi kuu.

Na ndiyo mikono hiyo iliyomtoa nyumbani. Mwaka 2008, akiwa na miaka 18, alikwenda katika kituo cha mafunzo ambacho Ligi Kuu ya Marekani ilikiweka Tirrenia, Italia, kwa vijana wa Ulaya na Afrika. Mmoja wa walimu aliowakuta huko ni Barry Larkin, shotistopu mashuhuri wa Cincinnati Reds. Wasaka vipaji wa Pittsburgh Pirates walimwona, na mwaka huohuo akasaini mkataba. Akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini na timu ya ligi hiyo. Malipo ya kusaini yalikuwa dola 15,000.

Nawapa kipimo cha fedha hizo. Mwaka huohuo, klabu hiyohiyo ya Pirates ilimsajili kijana wa chuo kikuu, Pedro Álvarez, kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 6. Simlaumu Álvarez, alikuwa na kipaji na alikuja kuwa mpigaji wa homurani wa kuogopwa. Nataka tu mwelewe Ngoepe aliingia kwa mlango upi. Klabu iliyoweka milioni 6 kwa mtu humvumilia, humrekebisha, humpa nafasi ya tatu na ya nne. Klabu iliyoweka 15,000 haina cha kupoteza ikimrudisha kwao baada ya msimu mmoja.

Hawakumrudisha. Machi 2009 aliichezea nchi yake kwenye mashindano ya dunia ya World Baseball Classic huko Mexico City, akiwa na miaka 19. Afrika Kusini ilipokea kipigo kikubwa kutoka kwa wenyeji, Mexico, lakini kijana yule alipiga mipira miwili iliyomfikisha beisi ya tatu. Kisha akaanza ngazi.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaosema safari yake ilikuwa fupi. Wanahesabu mechi 41. Mimi nahesabu kuanzia 2009. Wamarekani wana ligi za chini zenye madaraja mengi, na mchezaji anapanda moja baada ya jingine au anaachwa. Ngoepe aliyapitia yote: ligi ya wanaoanza kule Florida, kisha State College katika Pennsylvania, West Virginia, Bradenton, Altoona, hatimaye Indianapolis, daraja la mwisho kabla ya ligi kuu. Ni miji ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Safari za basi za usiku, vyumba vya kupanga kwa kuchangiana, chakula cha haraka, mechi karibu kila siku kwa miezi mitano.

Mshahara? Mpaka mwaka 2020 kima cha chini cha mchezaji wa daraja A, mojawapo ya madaraja hayo ya chini, kilikuwa dola 290 kwa wiki, tena wiki za msimu tu. Msimu ukiisha, malipo yanakatika. Wengi huondoka na kutafuta kazi nyingine, na hawa ni vijana wa Kimarekani wenye nyumba ya wazazi ya kurudia. Fikirini aliyeko mbali na kwao kwa safari ya ndege ya saa zaidi ya kumi na tano.

Mwaka 2013, akiwa katikati ya ngazi hizo, mama yake alifariki dunia. Maureen, aliyemweka mwanawe jirani na uwanja, hakumwona akivaa jezi ya ligi kuu. Mimi ni mzazi, na kila nikifika hapa kwenye habari hii nasita. Ngoepe alizika, akarudi kazini. Miaka minne mingine.

Tarehe 26 Aprili 2017 ikafika. Pirates walikuwa na mapengo. Mchezaji wao Starling Marte alikuwa amefungiwa mechi 80 kwa dawa zilizokatazwa, na Jung Ho Kang, mlinzi wa ndani kutoka Korea Kusini, alikuwa amekwama kwao kwa kukosa viza. Ngoepe akaitwa kutoka Indianapolis. Usiku ule wapinzani walikuwa Chicago Cubs, mabingwa watetezi. Katika ngwe ya nne, yaani kipindi cha nne kati ya tisa vya mechi, kocha alimwingiza beisi ya pili, na ngwe hiyohiyo zamu ya kupiga ikamwangukia yeye wa kwanza.

Mbele yake alisimama Jon Lester, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyekuwa ametwaa ubingwa na Cubs miezi michache tu nyuma. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa hufika kwa karibu nne ya kumi ya sekunde. Mpigaji ana nusu tu ya muda huo kuamua apige au aache. Ngoepe mwenyewe alikuja kueleza baadaye jinsi miguu ilivyokuwa ikimtetemeka. Akapiga. Mpira ukapita katikati, ukatua uwanja wa kati, naye akasimama beisi ya kwanza. Pigo lake la kwanza la ligi kuu, mara ya kwanza kabisa kusimama kupiga. Pirates walishinda 6–5.

Ilikuwa miaka 70 na siku chache tangu Jackie Robinson, naye mlinzi wa ndani, avunje ukuta wa ubaguzi wa rangi katika ligi ileile tarehe 15 Aprili 1947. Na ilitokea katika klabu ambayo tarehe 1 Septemba 1971 ilikuwa ya kwanza kuanza mechi na wachezaji tisa ambao wote walikuwa weusi na Walatino, nyota wao Roberto Clemente akiwa mmojawapo. Sijui kama kuna klabu nyingine iliyostahili zaidi kuandika jina la Mwafrika wa kwanza.

Msimu ule alicheza mechi 28, mapigo mazuri 12 katika 54. Mwisho wa mwaka Pirates wakamhamishia Toronto Blue Jays, klabu nyingine ya ligi hiyo. Huko mwaka 2018 alicheza mechi 13 akapata pigo moja tu katika 18. Hakurudi tena ligi kuu. Alikwenda kucheza Sydney, Australia, na mdogo wake Victor alikuwa tayari amesaini na Pirates kufuata nyayo zake.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Ni nini kilichomkatia safari? Mikono haikumwangusha. Ni rungu. Zamu zake za kupiga ziliishia kwa kukosa mipira mara nyingi mno, na hilo lilimfuata tangu madaraja ya chini. Wapo waliosema basi, hicho ndicho kipaji alichojaliwa, mlinzi mzuri asiyejua kupiga. Mimi sikubali, na nitawaeleza kwa nini.

Ulinzi mtoto anaweza kuujenga akiwa karibu peke yake. Mpe mpira, glavu kuukuu na ukuta. Autupe, urudi, audake, mara mia kwa siku. Udongo wenye mabonde unamfundisha zaidi kuliko udongo laini. Ndiyo maana mtoto aliyelala ndani ya klabu alitoka na mikono ya ligi kuu. Lakini kupiga hakufundishiki na ukuta. Kupiga ni kuusoma mkono wa mtu mwingine. Jicho linatakiwa lione mpira wa kasi, kisha mpira unaopinda, kisha ule unaoonekana wa kasi lakini umepunguzwa, kutoka kwa warushaji tofauti, wa kulia na wa kushoto, maelfu ya mara kabla mchezaji hajafika miaka 18. Jicho lisiloona hayo mapema hulazimika kujifunza ukubwani, mbele ya watu waliokwisha kufuzu.

Mtoto wa Jamhuri ya Dominika anayaona hayo. Klabu zote 30 za Ligi Kuu ya Marekani zina vituo vyao kule, na kijana wa miaka 16 tayari amesimama mbele ya warushaji ambao baadhi yao watakwenda ligi kuu. Ngoepe alikulia kwenye nchi ambamo besiboli iko nyuma sana ya soka, raga na kriketi, na warushaji wa kiwango hicho ni wa kuhesabu. Alipofika Marekani mikono yake ilikuwa ya mtu mzima na jicho lake la kupiga lilikuwa bado changa. Miaka minane ya ngazi ilimsogeza mpaka kwenye pigo lile dhidi ya Lester. Haikutosha kumbakiza. Kilichompungukia hakikuwa bidii. Zilimpungukia mechi za utotoni, na mechi mtoto hawezi kujipangia. Hizo hupangwa na watu wazima.

Walimu, wazazi, hapo ndipo tunapoingia sisi.

Majirani zetu wa Uganda wamekwisha kutuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, ikazuiwa kwa matatizo ya viza. Hawakukata tamaa, mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakaenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na wakashinda mechi. Miaka 10 baadaye, 2022, vijana wa Uganda wakasaini na Los Angeles Dodgers, klabu ya ligi kuu. Hiyo ni kazi ya ligi za watoto zinazochezwa kwa mfululizo, mwaka baada ya mwaka. Na Afrika Kusini yenyewe ilipata mtu wa pili, mrushaji Tayler Scott, aliyeingia ligi kuu mwaka 2019.

Sisi Tanzania tuna uwanja wa besiboli pale Azania Sekondari, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Tuna walimu. Tuna watoto, na nikiwaangalia hawa waliokaa mbele naona mikono mizuri. Nimeona binti wa kidato cha pili akidaka mpira wa chini upande wake wa nyuma, glavu imegeuka, na kuutupa beisi ya kwanza bila kunyanyua kichwa kwa hofu. Hakufundishwa na mtu, amejifunza kwa kurudia. Ukiniuliza binti huyo mwaka huu wote amesimama kupiga mara ngapi mbele ya mrushaji asiyemjua, jibu linanitia huzuni. Anawajua warushaji wote wa shule yake. Anajua kila mmoja atatupa nini kabla hajatupa.

Kwa hiyo nina maombi mawili, nayo si ya fedha nyingi. La kwanza ni kwa wakuu wa shule. Viwanja vyetu vingi hufungwa kengele ya mwisho ikilia, na mtoto wa mlinzi, wa mpishi, wa mama anayeuza maandazi getini, anabaki nje akichungulia. Nawaomba lango liwe wazi jioni na Jumamosi, mwalimu mmoja akiwepo. Najua mnaogopa vitu kuibiwa na mtoto kuumia. Sisi walimu wa michezo tutagawana zamu za kusimamia, na majina yetu tumekwisha kuyaandika.

La pili ni mechi. Tuache kungoja mashindano makubwa ya mara moja kwa mwaka, ambayo timu ikifungwa siku ya kwanza watoto wamesafiri usiku kucha kwa mechi moja. Tucheze kila wiki mbili, shule na shule jirani, kwa basi la daladala, ngwe tano tu zikitosha, na kanuni moja ambayo nitaishikilia: kila mpigaji apate zamu zisizopungua tatu, na kila timu itumie warushaji watatu au zaidi. Matokeo yaandikwe, lakini kwa walio chini ya miaka 15 pasiwepo bingwa. Nataka macho yao yaone mipira mingi.

Wazazi, mtaombwa nauli na maji ya kunywa. Ukiwa na glavu iliyokaa kabatini, ilete. Mwenzangu anayejua kushona ngozi amejitolea kuzirekebisha.

Karatasi ya ratiba iko kwa katibu, kwenye meza ile ya mlangoni. Shule nne za kwanza zitakazojiandikisha leo zinaanza Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.